Utepe wa Almasi

Utepe wa zamani umekatika asubuhi
katikati ya bawa la malaika.
Haukupiga kelele. Ulisema "tak" tu,
ukajikunja ndani ya maji ya mashine
kama mkia ambao mjusi ameshauacha.

Otilie amezima swichi, anakausha mikono kwa aproni.
Nje, theluji ya Železný Brod imegeuka tope,
na lori la mchanga linapanda kilima likikohoa.

Mezani, katalogi.
Utepe wa chembe kubwa: hukata haraka,
huacha ukingo wenye mapengo
kama kinywa cha mtoto wa miaka saba.
Utepe wa chembe laini: bei mara tatu,
huenda polepole, hunywa maji mengi,
na ukingo wake ungeweza kuulamba.
Kuna na wa tatu, wa bei ya kutupa,
usio na jina la kiwanda. Zdeněk, mpwa wake,
ameuzungushia wino.
"Shangazi, kioo ni kioo."

Hajibu. Waliosema mchagua jembe si mkulima
walikuwa na udongo, na udongo husamehe:
ukiukosea leo, mvua huufunika kesho.
Kioo hakina kesho ya namna hiyo.

Anainua kipande kilichobaki, chekundu,
anakielekeza dirishani.
Wekundu huu ulipikwa kwa dhahabu
na mtu aliyekufa bila kuandika kipimo.
Kimebaki hiki tu, upana wa viganja viwili,
na parokia inataka bawa kabla ya Pasaka.

Anachukua rula. Anapiga hesabu
pembezoni mwa ukurasa:
milimita moja na nusu ya utepe mnene
ni milimita moja na nusu ya wekundu
itakayokwenda na maji machafu,
kila mkato, mikato kumi na mmoja.
Bei hiyo katalogi haikuiandika.

Anapiga simu Jablonec.
"Ule laini. Mwembamba kuliko yote."
"Mmoja tu?"
Anamtazama malaika aliyelala juu ya gazeti,
bawa moja kamili, la pili limeishia kwenye kiwiko.
"Mmoja."
Kisha, kabla hajakata simu,
anamtupia Zdeněk jicho:
"Na ule wa bei ya kutupa pia, nitumie.
Kuna kijana hapa, na kreti nzima
ya chupa tupu za bia."