Sumaku ya Sabini na Moja

Februari, Toledo. Theluji imekaa juu ya magari
kama mgeni aliyesahau kuaga.
Chumba chetu hakina dirisha. Kina ubao wa chuma
wa ukuta mzima, na juu yake wachezaji,
kila mmoja sumaku ndefu kama kidole:
namba, jina, umri, kilo, dola.

Mimi ni wa dola. Wenzangu wanajua mabega,
wanajua nani hukimbia yadi arobaini
kwa nukta ngapi na vipande vyake.
Mimi najua ligi imetuwekea kikomo cha mishahara,
tumekipita kwa milioni kumi na nne,
na Machi haimsubiri mtu.

Ardith Wozniak, meneja, anatafuna karoti mbichi,
anauliza bila kugeuka: "Nani anatuumiza?"
Kimya. Macho yote yanakwenda
mstari wa mbele, upande wa kushoto.
Sabini na moja. DUQUETTE. Miaka thelathini na mitatu.
Goti limepasuliwa mara mbili.
Miaka kumi ameyafanya yale yale: kuzuia bila kushika,
maana ukishika jezi ya mtu
refa hurusha kitambaa cha njano.

Akiondoka, zinarudi milioni tisa.
Tisa! Kwa tisa tunapata beki wa pembeni
anayekujia kama mwenye nyumba tarehe mosi,
na chenji ya mpiga teke.
Akiba haiozi, sawa,
ila hii akiba ina watoto watatu
na mbwa kipofu aitwaye Biskuti.

Tukahamia kwa vijana wa vyuo.
Raundi ya kwanza, zamu ya kumi na tisa.
Raundi ya tatu hatuna, tuliiuza mwaka juzi
tukanunua mkimbiaji aliyevunjika wiki ya pili.
Okerlund, skauti, anamtaka jitu mmoja wa Iowa,
anamsifu hadi sauti inakauka.
Kipya kinyemi, nikawaza,
na cha Iowa kidonda chake bado hakijaonekana.

Duquette alikuja mwenyewe, theluji kwenye ndevu.
Ardith alimwambia kwa maneno matatu,
la tatu likiwa "samahani".
Akatikisa kichwa. Akautazama ubao,
akautazama tena. Akauliza:
"Na mahali pangu anakuja nani?"

Hiyo ni siri, ya kufa nayo. Hakuna aliyejibu.
Akainama, akagusa sumaku ya chini kabisa,
karibu na sakafu, tulikowatupa wa bahati nasibu:
FONOIMOANA, chuo kidogo, Utah.
"Huyu. Nilimfundisha kambini, kiangazi.
Mikono yake hufika kabla ya miguu. Hilo mtalinyoosha.
Lakini ukimwangusha huinuka anacheka.
Hilo hamna mwalimu wa kulifundisha."

Karoti ikakoma kutafunwa.
Okerlund aliandika kitu, akakifunika kwa kiganja.
Duquette akatoka, akiinamisha kichwa mlangoni
ingawa mlango ulikuwa mrefu wa kumtosha.

Aprili, raundi ya sita, zamu ya mia mbili na nne,
usiku mwingi, pitsa zimepoa,
Ardith alilitamka jina la kijana wa Utah
kana kwamba amelizaa yeye.
Sijui kama atafaa. Wengi wa raundi ya sita
hurudi makwao kabla majani hayajapukutika.

Kanuni ni kwamba sumaku za waliokwenda
hutupwa kwenye kopo la kahawa chini ya meza.
Ya sabini na moja ilinipotea mfukoni,
hivyo ndivyo ningesema kama ningeulizwa.
Iko jikoni kwangu, mlangoni mwa friji,
juu ya bili ya gesi na ratiba ya meno ya binti yangu.
Inashika, inashika kwa nguvu zote,
na hakuna refa wa kurusha kitambaa.