Kidole Gumba cha Kushoto

Gari la mganga mkuu likishakata kona,
usukani ukirudi, taa nayo hurudi kulala.
Tiki, tiki, kimya. Halikumbushwi na mtu.
Pikipiki yangu haikufunzwa adabu hiyo.
Ukiiwasha indiketa imewaka,
hata ufike Kilwa, hata mafuta yakuishie,
itakonyeza kila mtu njiani
kama mlevi wa uraka.

Siku ile natoka Mtwara, nyuma nimefunga
mifuko miwili ya korosho zilizobanguliwa.
Madangwa nikaingia kushoto, mafuta ya chupa.
Mama Chitanda akanipimia lita na nusu,
akanidai mia tano ya juzi, tukacheka,
nikapiga kiki, nikarudi barabarani.
Saa saba. Jua limekaa juu ya dashibodi,
kile kitaa cha kijani hukioni hata ukiinama.
Nacho kule mbele, kule nyuma, kinasema
kushoto, kushoto, kushoto,
nami moyoni nasema Lindi.

Mnazi Mmoja, njia zinapoachana,
Hokororo alikuwa anatoka Masasi.
Kasimama vizuri, mguu mmoja chini,
kama tulivyofundishwa wote, wakajifunza wachache.
Akaniona. Akaiona taa.
Akajiambia, huyu anaingia huku nitokako.
Akaachia klachi.

Mlio sitausimulia.
Nitasimulia korosho:
zilivyotapakaa lami nzima, nyeupe,
na watoto wa shule wakaziokota,
wakazijaza kwenye masweta yao,
wakanirudishia zote, zina mchanga
na kipande cha kioo cha rangi ya chungwa.
Pikipiki imelala ubavu, gurudumu linazunguka,
na taa ingali inasema. Kushoto. Kushoto.
Trafiki ndiye aliyeizima.

Ndanda, wodi ya mifupa, mguu wake umening'inizwa.
Nimebeba machungwa na uongo wa kutosha:
kwamba jua, kwamba breki, kwamba na yeye aliwahi mno.
Hakunipa nafasi. Alisema tu,
"Niliiamini taa yako."
Nikamenya chungwa.
Nikalimenya mpaka likabaki maji mkononi.

Fundi Mchopa wa Mingoyo anajua waya
kuliko anavyowajua wanawe.
Nikamwambia, nifungie inayojizima.
Akacheka. "Zipo, kwenye yale mapikipiki ya watalii.
Zinapima mwendo, zinapima ulivyolala kwenye kona.
Hii yako ipime nini, madeni?"
Akanifungia king'ora kidogo, elfu nne na soda,
pii, pii, kila taa ikiwaka.
Abiria walikichukia.
Mke wangu alijua narudi kabla kuku hawajajua.
Na Sijaona, mwanangu, miaka mitatu,
akikata kona ya jiko anasema pii, pii,
akishapita ananyamaza.
Ananyamaza!
Nani kamwambia?

Masika kikaingia maji, kikafa.
Sikukirudisha kwa fundi.
Hokororo anatembea sasa, mguu mmoja
mfupi kidogo kuliko mwenzake;
tukikutana Mnazi Mmoja hunipungia,
nami hupunguza mwendo hata kama njia nyeupe.
Nikikata kona nabonyeza kuzima,
mita kumi mbele nabonyeza tena,
kwenye mti wa tatu tena, kwa ajili yake,
abiria wananiuliza, vipi, kidole kinakuwasha?
Nawaambia ndiyo.

Usiku mke wangu huushika mkono wangu gizani,
huukunja, huuweka chini ya mto.
"Umefika," ananiambia. "Umeshafika, lala."
Lakini kidole gumba cha kushoto
bado kinatafuta kitufe,
kinazima taa isiyokuwepo.