Maji Yachemkapo Mapema

Tuko kumi na wawili, kwa mujibu wa kadi.
Nimeziandika mwenyewe kwa kalamu ya wino
tangu saa nane mchana, nikikaza macho
kwa vyeo virefu kuliko wenye navyo.
Huu ni mji wa nne ninaouandikia kadi.
Irmeli ndiye balozi. Mimi ni mume wa balozi,
kazi isiyo na mshahara, wala likizo, wala kiapo.

Jikoni Bi Eulogia anachoma kiazi kwa uma,
anatikisa kichwa. Bado.
La Paz iko juu mno, ananieleza tena
kama anayemweleza mtoto:
maji ya huku huchemka upesi,
yakatoa povu, yakatoa mvuke, yakapiga makelele,
na moto wenyewe haujafika.
Kiazi kinaogelea tu, kigumu moyoni.

Saa mbili kengele inalia.
Kanali Urquidi wa itifaki, na mkewe, na manukato ya mkewe.
Bi Shizue, ana wiki tatu tu mjini,
midomo ina rangi ya zambarau;
namletea chai ya koka, kisha mtungi wa oksijeni
ambao hukaa nyuma ya pazia
kama mwavuli wa nyumba nyingine.
Samahani, anasema, samahani,
kana kwamba pumzi ni kitu alichokiazima.

Mbunge hakuja. Hakutuma neno.
Tunasogeza sahani, pengo linazibika,
kadi yake naitia mfukoni.

"Kumbe nanyi mlikaa Hanoi!"
Ndiyo, tulikaa Hanoi.
Mlango wa pili walikuwepo Wareno, mke na mume,
watoto wetu waliambukizana tetekuwanga wiki moja,
tulipakana dawa ya waridi migongoni, sote, tukicheka,
tukaapa kutembeleana kila kiangazi.
Jina la yule mume nalikumbuka.
La mke, nimelitafuta tangu supu hadi nyama.

Irmeli anaisifu nchi yetu ya maziwa,
maziwa ya maji, si ya ng'ombe,
anasema yalivyo kimya mwezi wa kumi.
Kisha mtu anauliza habari za migodi,
na nani atachimba, na kwa fedha ya nani.
Chini ya meza kiatu chake kinagusa changu,
mara mbili.
Basi nasimulia kisa cha dubu aliyeingia sauna.
Wanacheka. Irmeli naye anacheka,
huenda ni mara yake ya tisini,
na kicheko hicho ni kazi ngumu kuliko hotuba.

Saa sita usiku. Mabusu ya shavu, makoti, madereva.
Vibanda vya kamba vimesimama angani, gizani,
na taa za mji zimepanda kuta za bonde
mpaka huwezi kujua ipi ni nyota.
Irmeli amevua viatu. Ameketi juu ya meza ya jikoni,
soksi zimetoboka kidoleni.

Jikoni sufuria ingali juu ya moto mdogo.
Bi Eulogia aliiacha hivyo, amekwenda kulala.
Tunakula viazi kwa mikono, kwa chumvi,
tunavipuliza, tunavirusha kiganja kwa kiganja.
Vimeiva. Vimepasuka wenyewe, vya unga.

"Barua ya wizara imekuja Jumatatu," anasema.
Lini?
"Agosti."
Wapi, siulizi.
"Usimwambie Eulogia kwanza."
Nasema sitamwambia,
ingawa nadhani ni yeye aliyeipokea mlangoni,
akaipima uzito mkononi, akajua.

Ananyoosha mkono mfukoni mwangu,
anaitoa kadi ya mbunge, anaigeuza,
na kwa kalamu yangu ya wino, mwandiko ukipinda,
anaandika upande mweupe:
chumvi,
betri,
kumpigia mama,
lile jina la mke wa Hanoi.