Kopo la Sindano

Mama anashona kofia za mkono,
miezi mitatu kofia moja, jicho likimtoka maji.
Sindano zake kumi na mbili zinakaa
katika kopo la maziwa ya unga lililomlea Shaame.
(Unga. Hata neno hilo kwetu siku hizi
tunalitamka kama tunaopita makaburini.)
Kila usiku huzimwaga juu ya mkeka,
huzihesabu, hufunika, hulalia kopo.

Wa kushona hasa alikuwa Shaame.
Ana miaka kumi na minne alimshonea maalim wa chuo
kofia ya tobo ndogondogo; ukiinyanyua juani
inachuja nuru kama kung'uto.
Maalim anaivaa mpaka leo.
Akimuona Shaame anakuja, huvuka njia,
nayo kofia kichwani.

Arosto mnaijua kwa jina. Mimi nimeiona
chini ya mlango wa choo: vidole vya miguu tu,
vikijikunja, vikijikunjua.
Alikuwa hatafuti raha. Raha ilimkimbia
mwaka wa kwanza, wala haikuaga.
Alikuwa anatafuta kusimama wima
aweze kufunga vifungo vya shati.

Jirani yetu Bwana Ussi ana sukari.
Kila alasiri hufunua tumbo pale pale barazani,
hujichoma, na baraza zima humwambia: shifaa, bwana.
Hajatokea wa kumuuliza
visheti vile vya sahani nzima nani alimlisha.
Sina neno na Bwana Ussi. Namuombea.
Nauliza tu: dua zenu mnazipimia mzani gani?

Pampu ya msikiti ilipopotea
walimkamata Shaame adhuhuri, wakauliza magharibi.
Pampu ilikuwa kwa fundi, Kwahani, inabadilishwa waya.
Pampu ilirudi.
Jino halikurudi.

Wakasema: mchuma janga hula na wa kwao.
Si kweli. Sisi tulimtilia sahani yake mbali,
ya bati, tuliyoitia alama kwa msumari,
na kikombe chake tukakitundika nje.

Na mimi, mwenye kusema haya?
Watu wa Donge walikuja kunichumbia,
wakamuuliza mama ana watoto wangapi.
Kabla hajajibu nikasema, nyuma ya pazia:
mimi, na kaka, yuko Maskati.
Alikuwa uani, ukuta mmoja baina yetu.
Alikohoa mara moja, kisha akakibana kikohozi
mpaka wageni wakamaliza sharubati.
Sikupata zawadi ya harusi kubwa kuliko ile.

Sasa ni mwezi wa tano anakwenda Kidongo Chekundu
kwa miguu, kila asubuhi, hata sikukuu.
Hunywa dawa mbele ya nesi, hufungua mdomo
ionekane kameza, mtu wa miaka thelathini na minne.
Njiani humpigia kelele: Teja, chai imeiva?
Huitikia salamu ambayo hawakumpa.
Mara mbili ameanguka.
Mara mbili amerudi kwenye foleni.

Jana baada ya isha alimwambia mama:
Mstari huu umekwenda upande, nipe niufumue.
Mama akamtazama mikono, si uso.
Akafungua kopo.
Nililala nikisikia uzi ukipita kwenye kitambaa.

Alfajiri nikamkuta mkekani, anahesabu.
Kumi na moja.
Akahesabu tena, midomo ikitembea. Kumi na moja.
Nikageukia ukutani.
Kisha akanyanyua kofia pale ilipoachwa,
na ya kumi na mbili ilikuwa humo,
imechomekwa mwisho wa mstari ulionyooka,
uzi wake bado mrefu.

Aliigusa, hakuichomoa.
Kopo akalifunika,
akalirudisha chini ya mto.