Mpokeaji: Sikujua

Ghorofa ya tatu, Kijitonyama, saa tano usiku.
Umeme umekatika. Jenereta la jirani linakohoa,
la kwetu limenyamaza,
maana dizeli haimo kwenye bajeti.
Nina kioo cha laptopu, asilimia kumi na tisa ya betri,
na ripoti ya ruzuku ya robo ya kwanza
inayotakiwa kwa mfadhili kabla kwao hakujakucha.

Ruzuku na riziki ni ndugu wa tumbo moja,
ila huyu mmoja anadai risiti.

Mezani pana boksi la viatu.
Limeshuka leo na basi la Kisarawe
likiwa limefungwa kwa ubale wa mpira wa baiskeli.
Ndani yake mna vikaratasi:
vya sabuni, vya betri za tochi, vya dawa ya kutibu maji,
na utepe wa kupimia watoto mkono,
umechakaa zaidi penye rangi nyekundu.
Risiti moja inanuka dagaa. Nyingine ina doa
nisilotaka kuliuliza.

Hati namba arobaini na moja.
Shilingi elfu kumi na tano.
Kazi: kumpeleka mzazi. Usiku. Mvua.
Chombo: pikipiki hadi mtoni, kisha kitanda, watu wanne.
Mpokeaji: Sikujua.

Hati hii imenirudia.
Ilikwenda ng'ambo, ikatafsiriwa neno kwa neno,
jina nalo likatafsiriwa,
ikarejea na duara jekundu na swali la kiungwana:
Mnampaje fedha mtu msiyemjua?

Nimecheka peke yangu gizani
kama mtu aliyepaliwa.
Kisha nikaacha.

Sikujua ni mtu. Sikujua binti Pazi,
mhudumu wa afya, kitongoji cha Kwa Chande.
Mama yake alibeba mimba miezi mitano bila kuitambua,
akaona aibu ya nini, akaifanya jina.
Alisoma mafunzo siku tisa, akapewa fulana, mwavuli, begi.
Fulana anavaa mumewe shambani,
mwavuli ulivunjika mbavu masika hii hii,
begi bado analo.

Nilimwona mara moja, kwenye semina, ukumbi wa Sinza.
Alikula wali, kuku akamfunga kwenye leso.
Akasaini posho kwa herufi kubwa, polepole,
kama anayedarizi.
Akaniuliza, "Mwanangu, hela hizi zinaisha lini?"
Nikamwambia, Juni.
"Na homa," akasema, "nazo mmeziarifu?"

Betri, asilimia kumi na moja.
Kwenye mtandao wa mfadhili kuna kisanduku cha maelezo:
herufi mia mbili, nafasi zikihesabiwa.
Nianze na mto, ambao hautoi risiti?
Nianze na wale wanne wa kitanda,
waliokataa hata elfu moja moja
na kwa hiyo hawamo popote katika kitabu changu?

Nikampigia. Najua, saa sita kasoro. Akapokea mlio wa kwanza.
Nyuma yake mtu aliguna, maji yakamiminwa kwenye beseni.
"Sema upesi," akasema.
Nikamuuliza juu ya elfu kumi na tano.
Kimya. Halafu:
"Nilimpa yule kijana elfu kumi na mbili.
Elfu tatu nilinunua khanga, mtoto alizaliwa njiani.
Nikurudishie?"

Nikasema, hapana mama.
Hakungoja salamu.

Nimeandika:
Sikujua ni jina la mtu. Mwenyewe anajua.
Zimebaki herufi mia moja na sitini,
wala sina la kuzijaza.
Nimetuma. Kiduara kinazunguka, kinazunguka,
betri tatu, mbili,

na mimi nimeshika kikaratasi cha arobaini na moja,
nakinyoosha kwa kiganja juu ya paja
kama vile kesho atakihitaji mtu kukivaa.

Juni ni wiki sita.