Maji Yaliyozoleka

Jumanne asubuhi Nsimire alipanda mlima wa Muhungu,
bidoni ya njano mgongoni, kamba ikimkata paji la uso,
akaitua mlangoni pangu, pu!
Hata salamu hakunipa.
"Nimekurudishia mbolea yako."

Nikafungua kifuniko.
Maji ya kijani, mazito kama mchuzi wa sombe iliyolala,
yananuka yai.
Wahenga walikata kauli: maji yakimwagika hayazoleki.
Nsimire ameyazoa.
Lita ishirini, vidato mia mbili na kumi,
na mwaka huu goti lake la kushoto linamsumbua.

Nilitaka kubisha.
Ziwa kubwa lote hili, shoga, na mimi nina shamba la hatua arobaini!
Na Mugaruka wa juu yangu, na ng'ombe wake?
Na sabuni ya Kadutu nzima inayoshuka na mto Kawa?
Lakini ulimi ulikumbuka jioni ile ya mwezi wa tatu:
nilimwaga gunia zima kwenye lengalenga, viganja vikiniwasha,
mawingu yamekwisha kukaa juu ya Kabare
kama wadai mlangoni.
Nikajiambia, ikinyesha itayeyuka upesi.

Iliyeyuka.
Ilifuata matuta yangu yaliyotazama bondeni
(niliyaelekeza mwenyewe, ni rahisi kwa jembe),
ikashika mfereji, ikapita shule, ikapita nyuma ya duka la makaa,
hadi kwenye kona ambapo Nsimire huosha sambaza.
Lengalenga zangu zilibaki na unjano wao.
Ziwa ndilo lililoota.

Hatukupatana siku hiyo.
Alikunywa chai, akaondoka bila bidoni yake.

Baadaye nikayalaza matuta upya, yakingame mteremko,
na ukingoni nikapanda mistari miwili ya majani ya ng'ombe,
mistari iliyokuwa ikinipa mafungu kumi na manne kwa juma.
Mbolea sasa naipima kwa kopo la maziwa.
Kwanza naitazama Kabare.

Jana mvua ilipokatika nilichutama penye majani yale.
Udongo ulikuwa umeketi hapo, mweusi, laini,
umenaswa vidoleni mwa mizizi.
Ulijaza beseni. Nikaupandisha.

Kona ya Nsimire bado ni ya kijani;
huchota mbali, kwa mtumbwi wa shemeji yake.
Na bidoni ipo palepale.
Sijui niimwage wapi
pasiposhuka.