Kituo cha Tatu: Chumvi

Ratiba imebandikwa kwenye mlango wa jiko:
saa kumi na mbili, chai na darubini;
saa mbili, ndege wa mwambani;
saa nne, Kibiro, utamaduni, dakika arobaini.
Aliyeiandika hajawahi kulipanda genge lile
na mzigo kichwani.

Boti yetu ina vyumba sita na choo kinachokoroma.
Kapteni Ocamgiu, Mwaluri wa Panyimur,
huiongoza kwa kuligombeza ziwa:
"Leo una nini, Mwitanzige? Nani kakuudhi?"
Nzige, wanasema, walijaribu kulivuka
wakaishia humo humo.
Mimi hukaa omoni na fimbo ya mwanzi.
Napima kina, natangaza viboko,
natafsiri.

Mashariki, ukuta wa Bonde la Ufa umesimama wima,
mwamba juu ya mwamba, vichaka vimejishikiza kwa kucha.
Nyani waliteremka kutukagua.
Tai alinyakua ngege mzima, anapapatika,
na wageni kumi na mmoja wakavuta pumzi moja,
hata yule mume na mke wa Ntinda
waliokiri jana, mbele ya bia, kwa aibu,
kwamba waliijua Dubai kabla ya ziwa hili.

Kisha Kibiro.
Moshi. Harufu ya yai lililosahauliwa.
Maji yanayochemka bila kuni,
na bustani zisizoota kitu:
udongo uliotandazwa, ukakwanguliwa, ukatandazwa tena,
mawe yakiwa mipaka,
mama kwa binti, mama kwa binti.

Kwenye bustani ya tatu aliinama shangazi yangu.

Niseme ukweli: nilijua atakuwepo.
Kofia ya kampuni nilikuwa nimeishusha hadi kwenye nyusi.
"Huyu," nikasema kwa sauti yangu ya kazi,
"ni mmoja wa wanawake wanaotengeneza chumvi."
Mmoja wa wanawake.
Aliyenilipia hadi darasa la saba kwa mabonge
yaliyopanda genge kwenda soko la Hoima,
mmoja wa wanawake.

Kwetu, kumsalimu mtu bila empaako yake,
lile jina dogo la mapenzi,
ni kugonga mlango kwa teke.
Yake ni Akiiki. Silabi tatu tu.
Aliningoja. Kikwanguo mkononi, aliningoja.
Nami nikazigeukia kamera.

Mgeni mmoja, mwema, pua imebabuka kwa jua,
akasema: muulize, anajisikiaje tukija?
Shangazi akajibu taratibu, kwa lugha ya jikoni kwetu:
"Mwambie mwenye viatu vya buluu
amesimama juu ya chumvi ya kesho.
Na wewe, mwana wa kaka yangu,
wewe umesimama wapi?"

Nikatafsiri: "Anasema, karibuni sana."

Walipiga makofi. Walinunua mabonge tisa.
Viatu vya buluu havikusogea
mpaka honi ya Kapteni.

Usiku tulitia nanga kaskazini, Nile inapoingia ziwani.
Ng'ambo, Kongo ilikuwa mstari tu wa milima;
nyuma yetu, taa za visima vya mafuta
ziliwaka kama mji usio na watu.

Alfajiri tukampata, ndani ya mafunjo,
korongo mwenye domo kama kiatu cha mbao,
aliyewavusha watu hawa bahari.
Alisimama.
Saa nzima alisimama, na hakuna aliyekohoa.
Hata Kapteni alilisamehe ziwa.
Wakaninong'oneza: anafanya nini?
"Anangoja," nikasema.
Anangoja nini?

Nikauzamisha mwanzi.
"Mita moja na nusu!" nikatangaza. "Tope!"
Na chini kwa chini, nikiyaangalia maji:
"Akiiki."
Kiboko mmoja akatikisa sikio.

Alhamisi tunapita Kibiro tena.
Dakika arobaini.